Santuri za Bwana Dickinson

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za safari za mbugani, mechi za mpira na shule jirani, na shairi moja au mawili ya kuwaaga wanaomaliza. Mwaka huu mimi nami ni mmoja wa wanaoagwa, na Mhariri amenitaka niandike juu ya jambo ninalolijua kuliko wenzangu. Kulitaja ni rahisi, kulitetea ndiyo kazi. Ninazijua santuri za Bwana Bruce Dickinson, Mwingereza, mwimbaji wa muziki uitwao hevi metali. Sisemi zile alizoimba pamoja na bendi yake mashuhuri ya Iron Maiden, kwani hizo zina wajuzi wengi duniani. Nasema zile alizozitoa kwa jina lake mwenyewe, na zile zilizorekodiwa akiwa jukwaani mbele ya watu.

Najua yatakayosemwa, maana bwenini yamekwisha kusemwa. Mwenzangu ambaye kitanda chake kiko juu ya changu ameufananisha muziki huu na lori la kokoto linalomwaga mzigo wake juu ya bati. Simlaumu. Ni muziki wa magitaa ya umeme yaliyokazwa mpaka yanakwaruza, na ngoma zinazokwenda mbio kama cherehani, na anayeusikia mara ya kwanza hasikii ila hayo. Lakini katikati ya mrindimo huo yumo mtu mmoja asiye na chombo chochote mkononi. Ana koo lake tu, na hilo koo halina budi kusikika juu ya vyombo vyote. Ukimtafuta huyo mtu ukampata, kelele zinakaa mahali pake. (Shuleni hapa simu ni marufuku, kwa hiyo kila nitakachosimulia nilikisikia likizoni. Walimu wasipate shaka.)

Aliyenifundisha kumtafuta ni mjomba wangu. Yeye ni mnadi wa samaki katika soko la Deep Sea, Tanga, na kabla ya hapo alikuwa baharia wa meli za mizigo kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walirudi na redio kubwa na mazulia. Yeye alirudi na sanduku la mbao lililojaa diski, zile sahani ndogo zing'aazo ambazo wadogo zetu wa kidato cha kwanza huenda hawajapata kuzishika. Nyingine alizinunua Hamburg, nyingine Rotterdam, na ile anayoipenda kuliko zote aliinunua Santos, bandari ya Brazil iliyo karibu na jiji la São Paulo. Nyuma ya kila moja ameandika kwa wino jina la meli na mwezi. Mama yangu hapendi picha za majalada yake. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba nyumba yenye watoto haifai kuwekwa mapicha ya mashetani, naye akajibu taratibu, "Dada, hilo ni bango la dukani tu. Ingia ndani umsikie mtu anavyofanya kazi." Mama hakuingia, wala hakulitaja tena jambo hilo.

Mjomba ana kanuni yake, nami nimeifuata tangu nikiwa darasa la saba. Asema ukitaka kumjua mnadi usimsikilize akizungumza nyumbani kwake. Msikilize alfajiri, mashua nane zimeingia kwa pamoja, nguru wamemwagwa sakafuni, wachuuzi wanasukumana, na mwenye mali amemkodolea macho. Na mwimbaji ni vivyo hivyo. Studio ni karakana: humo mtu aweza kuimba mstari mmoja mara kumi, kisha fundi akachagua ulio mwema kuliko yote na kuuunga na mwenzake. Hakuna hila katika hilo, kama ambavyo hakuna hila seremala akipiga randa. Lakini jukwaani mstari unaimbwa mara moja tu. Ukikatika, umekatika mbele ya watu waliolipa.

Sasa nimweleze Bwana Dickinson mwenyewe. Alizaliwa Worksop, Uingereza, mwaka wa 1958. Alisoma shule ya bweni kama sisi, akafukuzwa. Sababu yake naijua, lakini sitaiandika katika gazeti hili asije mtu akasema natoa mafunzo. Mwaka wa 1981 alijiunga na Iron Maiden, na kwa miaka kumi na miwili akawa sauti ya bendi iliyojaza viwanja katika nchi nyingi. Santuri yake ya kwanza ya peke yake, Tattooed Millionaire, aliitoa mwaka wa 1990 akiwa bado yumo katika bendi. Ni santuri ya mtu aliye likizoni, nyepesi na yenye mzaha, nami naipita upesi.

Mwaka wa 1993 aliiacha bendi. Hapo ndipo habari inapoanza kunihusu mimi, maana nilimwuliza mjomba kwa nini mtu aache kazi ambayo kila mwenye koo angeitamani. Alinijibu kwamba katika meli kubwa mtu huweza kufanya kazi yake vyema miaka mingi asijue ni yeye anayeiendesha au ni meli inayomchukua.

Na aliposhuka hakujua pa kwenda. Albamu ya 1994, iitwayo Balls to Picasso (jina ambalo wazazi wataniruhusu nisilitafsiri), aliianza, akaitupa, akaianza tena na watu wengine, akaitupa, mpaka alipokutana na mpiga gitaa wa Los Angeles aitwaye Roy Z pamoja na bendi yake, ndipo ikakamilika. Humo umo wimbo "Tears of the Dragon", ambao waujuao husema ndio mlango wa nyimbo zake zote za peke yake. Unaanza polepole kwa gitaa tupu, unazungumzia hofu ya mtu anayejirusha baharini ili aikabili, kisha sauti inapanda mpaka mahali ambapo kwaya yetu ingehitaji watoto wa kidato cha kwanza.

Baada ya hapo ikaja rekodi ambayo mimi naiona ni darasa kamili. Yaitwa Alive in Studio A, ilitoka mwaka wa 1995, nayo ni diski mbili. Katika ya kwanza yeye na vijana wake wanapiga nyimbo zao studioni, wote kwa pamoja kama wapigavyo jukwaani, lakini bila mtu wa kuwatazama. Katika ya pili wako katika ukumbi wa Marquee, London, mbele ya watu. Nyimbo ni karibu zile zile, bendi ni ile ile. Mjomba alinikalisha alasiri nzima, tukawa tunausikiliza wimbo mmoja katika diski ya kwanza, kisha tunautafuta katika ya pili.

Tofauti yake haisemeki kwa neno moja. Katika ile ya kwanza kila kitu kimekaa sawa, na wimbo ukiisha unangoja makofi, makofi hayaji, na ule ukimya unashtua kidogo. Katika ile ya pili unamsikia akivuta pumzi. Kuna mahali anamaliza mstari mapema ili apate hewa ya mstari unaofuata, na mahali pengine anaukaza mno kwa sababu watu wamempandisha. Mimi nilisema ya kwanza ni safi zaidi. Mjomba akasema, "Naam, ni safi. Sasa niambie, ni ipi ambayo ungemjua mtu huyu njiani?" Sikuwa na jibu, wala sikuona haya kukosa jibu, nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1994, bendi hiyo changa ilikwenda kupiga muziki Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ambao ulikuwa umezingirwa kwa vita tangu Aprili 1992. Mji ule ulikaa katika hali hiyo kwa zaidi ya siku 1,400, hata Februari 1996. Wadunguzi walikuwa milimani, umeme na maji vilikuwa vya kubahatisha, na mkate ulipatikana kwa foleni iliyoweza kupigwa kombora. Bwana Dickinson na wenzake walivuka mlima Igman usiku ndani ya lori la watu wa misaada, wakaingia mjini, na tarehe 14 Desemba wakapiga katika ukumbi uliojaa vijana. Miaka mingi baadaye ilitengenezwa filamu juu ya safari ile, Scream for Me Sarajevo, na waliokuwamo ukumbini, sasa wakiwa watu wazima, wamehojiwa humo.

Nimeitazama mara mbili. Kilichonikaa moyoni si ushujaa wa mwimbaji. Yeye alikaa siku chache akaondoka. Nawawaza wale vijana waliotoka nyumbani, wakapita njia zenye kupigwa risasi, ili kwenda kumsikiliza mtu akiimba nyimbo ambazo wengi wao walikuwa hawajazizoea, kwani Iron Maiden ndiyo waliyoijua. Walikuwa na kaseti. Wangeweza kubaki na kaseti zao. Mjomba alipoona mahali hapo aliguna tu, na mgumo wa mjomba ni hotuba.

Santuri ya 1996, Skunkworks, siipendi sana. Inajaribu kuvaa nguo za vijana wa wakati ule, na bendi ilivunjika baadaye. Lakini mwaka wa 1997 alirudiana na Roy Z, akamwita na Adrian Smith, mpiga gitaa aliyewahi kuwa naye katika Iron Maiden, wakatoa Accident of Birth, na mwaka uliofuata The Chemical Wedding. Hii ya mwisho ndiyo niipendayo mimi kuliko zote. Imejengwa juu ya maono ya William Blake, yule mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka wa 1827, na jalada lake ni mchoro wa Blake mwenyewe uitwao The Ghost of a Flea, roho ya kiroboto. Tulipofundishwa Blake darasani tuliambiwa alikuwa mshairi. Kwamba alichora zimwi lenye misuli akasema ni roho ya kiroboto, hilo nililijua katika sanduku la baharia. Magitaa katika santuri hii ni mazito kama nanga inayoburutwa, na sauti imekaa juu yake bila wasiwasi. Ni mtu aliyekwisha acha kutafuta.

Hata mwanzoni mwa 1999 akarudi Iron Maiden. Lakini kabla ya kurudi kazini kwa ukamilifu alirekodi usiku mmoja São Paulo pamoja na bendi yake mwenyewe, na rekodi hiyo ikatoka mwaka huo huo kwa jina la Scream for Me Brazil. Jina latokana na desturi yake ya kuwaambia watu wapige kelele kwa ajili yake, huku akiutaja mji wao. Ndiyo ile diski ya Santos. Jambo la kuangaliwa ni hili: katika rekodi ile hamna wimbo hata mmoja wa Iron Maiden. Kila mtu ukumbini alijua anarudi huko. Ilikuwa rahisi sana kutia humo mmoja au miwili, watu wakafurahi. Hakutia. Aliimba zake, na walipofika kwenye "Tears of the Dragon" watu wa Brazil wakaichukua wao, wakawa wanaimba kwa lugha isiyo yao. Mjomba alikuwa akiipiga diski hiyo Ijumaa jioni, akinoa visu. Alikuwa akiimba pia. Sauti yake ilivuka ua mbili, na majirani wakajua kesho kuna mnada mkubwa.

Mwishoni mwa 2023 sauti hiyo ilianza kukwaruza. Watu walisema ni umande wa baharini, akapewa tangawizi, asali, na majani ambayo siyajui. Haikupona. Alipelekwa hospitali ya Dar es Salaam, ikaonekana ni uvimbe kooni, nao ni saratani. Alipigwa mionzi kwa wiki saba. Alirejea Tanga mwezi wa Machi 2024, amekonda, shingo imebabuka kama aliyeungua jua, na sauti yake ilikuwa ni pumzi yenye maneno ndani yake. Daktari alisema uvimbe umekwisha, na habari ya sauti ingengojewa.

Kwa mnadi hilo si jambo dogo. Kijana aliyekuwa akimwandikia hesabu ndiye aliyeanza kunadi, na mjomba akakaa kwenye mizani. Mwenye mizani hapati apatacho mnadi. Nauli yangu ya kuja shule, sabuni, madaftari, vyote vilitoka katika koo lile, nami nililijua hilo kama kila mtoto ajuavyo wali watoka wapi. Muhula ule Mama alianza kupika vitumbua vya kuuza saa kumi ya usiku. Sanduku la diski likasukumwa chini ya kitanda. Nilipotaka kulifungua likizo ya Juni, mjomba alitikisa kichwa, nami sikuuliza.

Katika likizo ya Desemba binamu yangu alikuja kutoka Mombasa na simu yake, na humo nikasoma habari ambayo mjomba hakuwa nayo, kwa sababu alikuwa ameacha bahari kabla haijatokea. Mwaka wa 2014 Bwana Dickinson alikuwa Paris na Iron Maiden, wakirekodi albamu iitwayo The Book of Souls. Muda mfupi kabla ya Krismasi alikwenda kwa daktari, akaonekana ana uvimbe wa saratani nyuma ya ulimi. Alitibiwa kwa dawa na mionzi kwa wiki saba, akamaliza Februari 2015, na Mei ikatangazwa kuwa amepona. Ile albamu, ambayo aliiimba ugonjwa ukiwa tayari umo mwilini mwake, ilitoka Septemba. Lakini safari ya kuimba mbele ya watu iliahirishwa hadi mwaka wa 2016, ili apate nguvu.

Nilimweleza mjomba hayo yote jioni moja, tumekaa barazani. Alisikiliza bila kunitazama. Niliposema "wiki saba" aliinua kichwa. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya pumzi, "Akaimba tena?"

Hapo tukafanya alichonifundisha mwenyewe, yaani kuchukua wimbo mmoja na kuufuata. Kwa bahati wimbo huo upo. Katika The Book of Souls wa kwanza ni "If Eternity Should Fail", ambao Bwana Dickinson alikuwa ameutunga kwa ajili ya santuri yake ya peke yake, bendi ikauchukua. Basi kwanza tuliusikia huo wa Paris. Pili, tukausikia katika The Book of Souls: Live Chapter, ya mwaka wa 2017, ambamo umerekodiwa Sydney mwaka wa 2016, mbele ya watu, baada ya tiba. Na tatu, tukaufuata ulikorudi kwa mwenyewe. Tarehe 1 Machi 2024 alitoa The Mandrake Project, santuri yake ya kwanza ya peke yake tangu Tyranny of Souls ya 2005, naye akiwa na umri wa miaka 65. Na humo wimbo ule upo, ameubadili kidogo na kuuita "Eternity Has Failed". Koo moja, nyakati tatu: lenye ugonjwa usiojulikana, lililotoka kuponywa, na la mzee.

Tulitumia simu ya binamu, tukaitia ndani ya bakuli la udongo ili isikike vizuri. Wimbo wa Paris mjomba aliusikiliza amefumba macho, akasema mtu huyu ana nguvu, huwezi kudhani. Wa Sydney alitaka urudiwe mara tatu. Alikuwa haangalii uzuri wake. Alikuwa anahesabu pumzi kwa kidole juu ya goti, kama anavyohesabu tenga zinaposhushwa. "Hapa amevuta," alisema. "Hapa asingevuta zamani. Hapa amewaachia watu, amejipumzisha." Mimi nilikuwa nimesikia mtu anaimba vyema tu. Yeye alisikia mtu anayepanga matumizi ya mali kidogo aliyo nayo, na anayewaficha wateja kwamba anapanga.

Kuhusu wa 2024 tulitofautiana. Sauti imeshuka, imekuwa nzito na yenye mikwaruzo, na mimi nilisikitika kidogo. Sisemi ni ugonjwa uliofanya hivyo. Miaka nayo ina kazi yake. Mjomba akasema hiyo ndiyo bora ya zote tatu, maana sasa haigizi sauti yake ya zamani. Mpaka leo sijakubali. Katika santuri hiyo naupenda zaidi wimbo wa mwisho, "Sonata", wenye urefu wa karibu dakika kumi, ambao nusu yake ni kama mtu anayezungumza usiku peke yake.

Kisha akauliza ni muda gani ulipita tangu tiba kwisha hata akapanda jukwaani. Nikamwambia kutoka Februari hadi Februari, mwaka mzima. Akahesabu vidole vyake. "Basi mimi bado miezi mitatu." Mama alikuwa mlangoni, akasema yule ni tajiri mwenye madaktari wake, usijipime naye. "Kweli," alisema mjomba, "naye hajapata kuuza vibua."

Miezi mitatu ilipita, hata sita. Mwezi wa Juni mwaka huu nilikuwa nyumbani, nikaenda naye Deep Sea alfajiri. Mashua zilikuwa chache. Walipomaliza nguru na kolekole, ikabaki tenga moja ya vibua ambayo hakuna aliyeigombea, mjomba akainuka kwenye mizani akaenda kusimama karibu yake. Akataja bei. Aliyekuwa nyuma akasema hakusikia. Akairudia, si kwa nguvu zaidi, ila polepole, akiacha nafasi baina ya neno na neno, na wachuuzi wakasogea. Alinadi tenga ile mpaka ikauzwa. Bei haikuwa nzuri, mama lishe aliyeinunua alijua hivyo, nasi tulijua. Siku mbili zilizofuata hakuweza kusema kabisa, akawa anatuandikia kwenye daftari langu la Jiografia, na Mama akamgombeza mchana kutwa, mtu asiyeweza kujibu.

Wiki iliyofuata aliuza tenga mbili. Tangu nirudi shule sijui hali ikoje, kwani barua yake ya mwisho imeeleza tu habari za mtihani wangu na bei ya mafuta ya boti. Pembeni ameandika nimtafutie, nikimaliza mtihani wa Novemba, ile santuri ya 1994 ambayo Bwana Dickinson ameitengeneza upya na kuitoa Julai 2025 kwa jina la More Balls to Picasso. Anataka kusikia kama mtu akipewa nafasi ya kuirudia kazi yake baada ya miaka 31 huigusa au huiacha. Nami ninalo ombi langu: diski ya Marquee ina mchubuko, inaruka katikati ya wimbo, na nimemwandikia asiisugue kwa dawa ya meno mpaka nifike, kwa sababu ya Hamburg aliisugua hivyo hivyo ikafa.